Kijana, wewe leo umekula wapi?

Naendesha tuktuk hapa Malindi mwaka wa kumi na moja huu, na swali nililoulizwa kushinda hata "mpaka hapo ni pesa ngapi" ni hili la wapi pazuri pa kula. Ikifika jioni linageuka, dere wapi kuna raha, wapi kuna bendi ya ukweli, na ukiwauliza wanataka pa aina gani wanakwambia pasiwe pa watalii lakini pasiwe pabaya. Sasa mimi miaka minne ya kwanza nilikua nawadanganya watu. Sio kwa mdomo, mdomo wangu ulikua msafi kabisa, nilikua nawadanganya na usukani.

Iko hivi. Kuna mahoteli ukiwaletea mgeni unazunguka nyuma unapewa chako. Enzi hizo nilikua napata soo, yaani shilingi mia, kwa kichwa, wakija sita ni soo sita na injini hata haijapoa, na siku nyengine jikoni wananifungia na chipsi juu. Siku mbaya hio pesa ndo mafuta na ndo ya mwenye chombo. Kwa hio mgeni akiniuliza wapi pazuri, kichwa changu hakifikirii chakula hata kidogo, kinahesabu vichwa. Na nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba hio kamisheni haitoki mfukoni kwa mwenye hoteli, inatoka kwa sahani ya yule niliyempeleka. Samaki anakonda ama bili inanenepa.

Siku iliyonikomesha ilikua Disemba, mji umefurika watu wa Nairobi. Nikapakia familia moja pale steji, baba, mama, watoto wawili wamepakatwa, na babu yao nikamketisha mbele na mimi, tumebanana kweli kweli. Walitaka samaki, wanasema tangu Mtito Andei ni kuku na chipsi, wamechoka. Nikawapeleka pahali pangu pa kamisheni. Pamepambwa, makuti mapya, taa za rangi, menyu ina picha. Nikachukua changu nikakaa nje nangoja kuwarudisha. Saa moja ikapita, saa moja na nusu, na wakati huo wote mimi naona moshi wa jikoni hautoki. Walipotoka watoto wamelala, mama amenuna, baba ameshika risiti kama barua ya korti. Elfu saba na mia nane. Yule mtoto mkubwa akaamka kidogo akaniambia samaki alikua na ladha ya friji.

Njia nzima hakuna aliyesema neno. Tumekaribia walikolala ndo yule mzee kando yangu akauliza, pole pole, bila hasira, "Kijana, wewe leo umekula wapi?"

Nikataka kudanganya nikashindwa. Nilikua nimekula saa saba kwa mama mmoja nyuma ya gereji huko Maweni, wari na papa wa nazi na mtsunga, mia na hamsini, na nikaongezewa mchuzi bure. Wari ndo sima, Kigiriama hicho, na mtsunga ni mboga chungu ya porini, ukiizoea mchicha unauona kama karatasi. Nikamwambia hivyo hivyo. Mzee akanyamaza, alafu akasema, "Basi kesho saa saba uje hapa hapa."

Nikaja. Roho juu, manake pale kwa mama hakuna menyu, hakuna hata jina ukutani. Ni benchi mbili, meza ya mbao imefunikwa plastiki ya maua, jagi la maji na beseni la kunawa, na vyungu vitatu vimefunikwa sinia. Yule mama wa Nairobi alitoa tishu akapangusa benchi, akaangalia tishu, akaketi nusu. Papa wa pale ni mkavu, ng'onda, sio mbichi. Mama anamloweka tangu jioni, anamchemsha, anamwaga yale maji ya chumvi, anamchambua vipande vipande kwa mkono, alafu anaanza na tui jepesi mpaka likauke, tui zito linaingia mwisho kabisa moto ushapunguzwa, na pilipili mbichi inawekwa nzima juu, ole wako uipasue. Ndimu unakamua mwenyewe. Mzee alinawa, akakunja mikono ya shati, akamega wari akaufinyanga, na hatukumsikia tena mpaka alipoitisha wari mwengine. Watoto walikula. Hata yule mama mwishowe aliketi benchi nzima. Mimi nikatukanwa na mwenye vyungu, kwamba naleta watu watano bila kusema na mtsunga unamtosha mtu mmoja na nusu.

Nisiseme niliacha kamisheni siku hio, nitakua mwongo mara mbili. Januari mji ulipokauka nilirudi mle mle nikapeleka watu, na Februari pia. Lakini ile raha ya kuhesabu vichwa ilikua imeisha, kila nikizunguka nyuma kuchukua soo yangu nasikia lile swali.

Na lile swali nikalichukua likawa langu. Mtu akifika mji mgeni akauliza "wapi pazuri" amekosea tangu mwanzo, manake anayejibu atamjibu vile anavyomuona, akimuona ana begi la magurudumu atamtuma kwenye taa za rangi. Uliza "wewe leo umekula wapi". Hapo mtu hana pa kutorokea, tumbo lina ushahidi. Na usimuulize mtu wa mlangoni, uliza mtu anayetoka kazini. Nesi anayeshuka zamu ya usiku, askari wa benki, makanga wa matatu za Mombasa ambaye ana dakika ishirini za kula na hataki kuumwa tumbo njiani, fundi wa gereji. Nilipoenda Mombasa na Nairobi nimefanya hivyo hivyo na sijawahi kulala njaa. Weita wa hoteli kubwa muulize pia, lakini mngoje nje akishavua tai, manake pale hotelini yeye mwenyewe hali chakula, anakula kibanda cha upande wa pili wa barabara, na hicho kibanda ndo unachotafuta.

Mwaka wa tano hivi mambo yakawa magumu nikachukua na kazi ya asubuhi. Kuna mama mchuuzi ananunua kwa wavuvi kule karibu na jeti, mimi nabeba makasha ya samaki na barafu nasambaza jikoni za mahoteli kabla ya saa tatu. Hio kazi ndo iliyonifungua macho, manake mteja anaona mlango wa mbele na mimi naona wa nyuma. Kuna mpishi mmoja mfupi, Mdigo, huyo nikisimama tu ashaanza kunitukana. Anafungua kasha, anainua shavu la samaki aina ya changu na kidole gumba aone kama ndani bado jekundu, anabonyeza mgongo aone nyama inarudi ama inabaki na shimo, ananusa, alafu ananiuliza hawa umewatoa baharini ama umewatoa matangani? Siku nyengine anarudisha kasha zima na yule mama mchuuzi anamlaani mpaka kiama. Na kuna mwengine, jikoni yake ina vigae vinang'aa, jezi nyeupe ya mpishi na kofia ndefu, huyo hata hafungui. Anauliza kilo ngapi, tia ndani. Mimi nikila samaki wa pesa yangu nakula kwa anayenitukana.

Alafu kuna hili la upepo, ambalo wageni hawaambiwi. Bahari ina msimu. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, vyombo vinaenda mbali na samaki wapo. Kusi ikiingia Aprili bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki kila siku, na ikifika Juni samaki wa maana ni wa kugombania pale mchangani. Sasa wewe umeingia mahali mwezi wa sita, upepo unang'oa makuti, na weita anakwambia kila kitu kwa menyu kipo, nguru yupo, kamba mawe yupo, ngisi yupo, jodari yupo. Hapo mvuvi ni friji. Yule anayekwambia leo kuna changu peke yake na wamebaki wanne, huyo keti kwake.

Pizza nayo ina historia yake. Watu wa bara hushangaa mji kama huu una espreso na aiskrimu ya kushinda kwao. Wataliano kilichowaleta kwanza huku ni roketi, walahi sio mchanga. Kule Ngomeni, kaskazini mwa hapa, walijenga jukwaa la San Marco baharini miaka ya 1960, wakawa wanarusha setilaiti kutoka huko, na moja iliyorushwa 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Nyuma ya wale wakaja watalii, wakaja wenye kununua viwanja, wakaja wenye mahoteli, na leo muuza kanga wa ufuoni ambaye Kizungu hakijui anapatana bei kwa Kitaliano safi. Lakini pizza nyingi nzuri za Malindi hazipikwi na Mtaliano. Zinapikwa na kijana wa Ganda ama wa Kakuyuni ambaye Mtaliano alimtukana jikoni miaka saba mfululizo (naona matusi yanarudi rudi kwenye hii hadithi, lakini ndo jikoni zilivyo).

Mmoja wao nilikua nambeba usiku akitoka kazini, harufu ya unga mpaka kwa kiti. Ile hoteli yake ilifungwa Aprili kama kawaida, manake huku kuanzia Pasaka mpaka mwezi wa saba kuna mahoteli yanafunga kabisa yanangoja Wataliano wa Agosti, na wafanyikazi wanaambiwa mtaitwa. Yeye hakungoja kuitwa. Akajenga tanuri la matofali na udongo nyuma ya nyumba ya mamake, kuni za mwarubaini, unga anaukanda leo wa kesho, na pizza ya nyanya na jibini anauza mia tano. Mara ya kwanza nilipopita niliona pikipiki kumi na mbili zimeegeshwa gizani nikadhani ni msiba. Sasa mtu akiniambia Malindi low season imekufa hakuna pa kula namshangaa, manake wapishi wote wazuri wako nyumbani wanapika, ni wewe tu hujui nyumba.

Nyota za mtandaoni mimi sizidharau, naziangalia, lakini nishabeba watu wakanionyesha Google Maps wanataka twende pahali pana nyota nne na nusu na mimi najua pale saa hizi ni duka la magodoro. Nikiangalia naangalia picha za wateja, za mwezi huu, na ndani ya picha naangalia meza za nyuma. Ukiona mzee wa kofia na kanzu yuko nyuma huko anakula na mkono wala hajui kama anapigwa picha, nenda.

Halafu mtandao pia una yake. Kuna binti alikuja kwa yule mama wa gereji akarekodi video, vile tui linamiminwa na ile pilipili nzima juu, maskini hakua na nia mbaya. Wiki mbili baadaye saa sita unusu benchi zimejaa watu wa kupiga picha, mafundi wa gereji wanakula wamesimama, mama ameajiri wasichana wawili, na papa anapikwa kabla hajatoka chumvi. Sisi wa zamani tukamwambia, kwa upole, manake hasira zake tunazijua. Hakukasirika. Akasema, "Wanangu, mgema akisifiwa mwajua atakavyofanya, na mimi maji nishaanza kuyatia." Akawaachisha wale wasichana, akarudi kwa vyungu vyake vitatu, na vikiisha saa nane anafunika sinia hata aje gavana. Ndo maana hapa sitaji jina wala njia. Magereji Maweni ni mengi.

Upande wa vinywaji mimi si mtu wa kunywa sana, mwenye tuktuk akinywa anaishia mtaroni, lakini wanywaji nabeba kila siku. Baa za kawaida, kwa ile sheria ya pombe ya 2010 ambayo watu wanaiita ya Mututho, mbunge aliyeileta, siku za kazi ni saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, wikendi na sikukuu wanafungua saa nane mchana. Klabu za usiku zina leseni yake nyengine. Sasa mgeni anafika baa saa tatu usiku Jumanne anaona pamepoa anasema pabaya, kumbe watu washakunywa wakaenda, kesho kuna kazi.

Kipimo cha baa nilifundishwa na dada mmoja anafanya kazi shirika fulani, nilikua nambeba Ijumaa na wenzake. Yeye akiingia baa mpya haulizi bei, anauliza choo. Anaenda, anaangalia kuna taa, kuna komeo, kuna maji. Akirudi anaangalia wasichana wanaohudumia, kama mwenye baa akipita wanaendelea kucheka ama wanatazama chini. Vyote viwili vikiwa sawa ndo anaketi na kunipungia mkono niende zangu. Nikamuuliza je, muziki ukiwa mtamu na choo hakina komeo? Akasema, "Kaka, huo muziki utauskiza wewe." Tangu siku hio abiria wa kike akiniuliza baa namwambia choo chake kikoje kabla sijasema bia ni baridi.

Na mangwe je, pale panapouzwa mnazi, ile pombe ya kugemwa juu ya mti wa nazi. Mtu wa Nairobi akisikia mnazi anafikiria chang'aa. Mangwe nzuri ni kama baraza tu, chini ya mwembe, wazee wana mirija yao na kitambaa cha kuchujia makapi ya nazi na nyuki waliozama, na maneno ni mengi kuliko pombe. Cha kujua ni saa. Mgema anapanda asubuhi na anapanda jioni. Ulioshuka asubuhi hio hio ni mtamu kama soda, ukikaa mpaka jioni una meno, na wa jana hauulizwi. Muulize muuzaji huu umeshuka saa ngapi na umuangalie machoni.

Sasa muziki, na hapa ndo mimi mwenyewe nilichelewa kujua. Kwa mahoteli ya ufuoni muziki wa laivu ni ule ule, shati za maua, nyimbo sita za kumkaribisha mgeni, wanazunguka meza kwa meza mtu amejaza kinywa na anaimbiwa. Nilidhani wale jamaa hawajui kupiga. Kumbe saa nane usiku wananipanda, mpiga besi, mpiga kinanda na gitaa limelala mapajani, na wanazungumza mambo mengine kabisa, nani kakosea wapi, rumba ile ingefaa ipigwe vipi. Nikawauliza mbona hayo hamupigi? Mpiga besi akacheka akasema, "Kule tunapigia mshahara. Njoo Jumapili."

Yeye ndo aliyenipa alama za kutazama. Ukifika pahali pameandikwa bendi, kabla hujalipa kiingilio chungulia jukwaa. Ukiona ngoma kamili, ampu ya gitaa na nyaya zimetapakaa kama matumbo, ingia. Ukiona laptopu moja na maiki mbili hio ni pleibeki, utaimbiwa na kompyuta. Ya pili, usiende mapema ukaondoka mapema. Duru ya kwanza ni ya wanaokula, wanapiga chini chini wasisumbue mazungumzo. Ya pili wanajaribu. Ya tatu mwenye klabu ashahesabu pesa ameenda kulala, na hapo ndo wanapigiana wenyewe, gitaa linauliza besi inajibu, nyimbo moja inaenda dakika kumi na tano. Mimi kwa miaka nilikua nachukua abiria wangu duru ya pili ikiisha, nikidhani nawasaidia.

Na uliza wanapiga nini, sio wanaitwa nani. Mtu anayetaka kusikia pwani asiende kulipa kuskiza nyimbo za redio. Kuna bango, ule muziki Mzee Ngala wa Freretown na saxofoni yake aliufanya ukajulikana pwani nzima, una chakacha ndani, una jazi ndani, watu wazima wanaucheza bila kutoa jasho na kijana akijaribu anachoka. Kuna wale wa Kigiriama, akina Nyerere wa Konde na Katoi wa Tabaka, ukisikia hao wanapiga mahali usiulize kiingilio, nenda na viatu vya kucheza. Na mwanzele na kayamba, ngoma za Kimijikenda, hazina tangazo kabisa, utazisikia kwa sherehe na matanga huko mashambani. Ile ya hoteli ya kuchezewa wakati wa dina, dakika kumi na hando, zile sketi za Kigiriama, za kuazima, hio ni sampuli.

Mwaka juzi nilienda Lamu harusi ya binamu yangu, nikajua kanuni zangu zote zina mipaka. Kwanza huko mimi sina kazi, mji wa kale magari hayapiti, ni punda na miguu. Baa za kuhesabu, ni mji wa dini, mwenye kutaka bia anavuka kwenda upande wa Shela. Nikazunguka jioni ya kwanza natafuta foleni ya bodaboda kama kipimo, ntaipata wapi. Basi nikakaa Mkunguni, pale mbele ya ngome, viazi karai na mishkaki, nikamuuliza mzee wa kando yangu lile swali langu, wewe leo umekula wapi. Akanitazama kama nimemtukana. "Kwangu. Nile wapi?" Ndo nikaelewa, kule chakula kizuri kiko ndani ya nyumba. Unachoweza kufanya mgeni ni kufuata watoto asubuhi, wanatumwa na visahani, wanagonga mlango fulani, mkono unatoka na mahamri ya moto na mbaazi, mlango unafungwa. Nilimfuata mtoto wa watu nusu nishikwe kama mwizi. Lakini yale mahamri yalikua na iliki ya kutosha mpaka leo nikinusa iliki naikumbuka Lamu. Na muziki pia ni hivyo hivyo. Ami yangu anapiga kanda za marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa huko huko, udi mpaka saa sita usiku, na tarabu yenyewe ya harusi ilikua ya wanawake, sisi wanaume tuliisikiza nje ya ukuta, tunasikia vigelegele kila bibi akienda kumtunza mwimbaji, na hatuoni kitu. Hapo hakuna tiketi, ni kualikwa, na ukishaalikwa ujue ni upande gani wa ukuta.

Yule mzee wa Nairobi tulibaki tunapigiana simu. Mwezi wa tano mwaka huu akaja, peke yake, kusi imeanza, mvua kila asubuhi, mahoteli nusu yamefungwa. Mwanawe kamwambia baba unaenda kufanya nini Malindi mwezi wa tano. Akanipigia kutoka steji, "Kijana, Jumapili hii watu wanaenda wapi?" Sikua na haja ya kufikiria. Wale wanamuziki wa mahoteli walikua nyumbani kama wale wapishi, hawajaitwa, na kila Jumapili walikua wanakutana kwa mangwe moja njia ya Ganda, wanapigia mnazi na chochote mtu atakachotupa kwa kofia.

Tulifika saa saba na nusu. Jenereta nje, spika moja imepasuka, mpiga besi yule yule amevaa fulana ya kampeni, na kuna jamaa wa saxofoni sikuwahi kumuona, mwembamba, amefunga macho. Walikua wanapiga bango pole pole. Mzee aliketi kwa kiti cha plastiki, akakataa mnazi kwa adabu kwa sababu ya presha, akaitisha dafu, na kwa nyimbo tatu hakunena. Alafu nyimbo ilipoisha akainuka akaenda pale mbele, nikadhani anataka kuomba nyimbo, nikasikia anawauliza, "Nyinyi vijana, leo mmekula?"

Wakaangaliana. Mpiga besi akasema bado mzee, tukimaliza.

Akarudi akanipa elfu mbili, akaniambia wewe wajua wapi. Ilikua saa nane kasoro robo. Niliendesha ile tuktuk kwenda Maweni kama nimeiba, nikamkuta mama ashafunika sinia na anaosha sufuria la mwisho. Akanitukana kwanza, sana, mpaka mafundi wakatoka gerejini kuangalia. Alafu akauliza wako wangapi. Nikasema wanane na mzee. Akafunua chungu kimoja, akasonga wari mpya, na chungu kizima akanipa nikakibane katikati ya miguu, nimekikumbatia na magoti nikiendesha na mkono mmoja nimeshika kifuniko, mchuzi unaruka kila shimo na lile joto linaniunguza mapaja, na nilipokata kona ya mwisho upepo ukaniletea ile saxofoni kabla sijauona mwembe.